Bei kwanza, matabishi nyuma: kijana anayeosha mbwa wetu tumpe ngapi?



Leo tunaleta neno ambalo wengine wataliona dogo, hata la kuchekesha. Katika mkutano wa siku ya posho iliyopita, mama mmoja wa Katuba aliinua mkono akauliza hivi: "Kijana anayekuja kuosha mbwa wetu, nikiisha kumlipa, nimwongezee matabishi? Na kama ndiyo, ngapi?"

Wamama walicheka. Mmoja alisema, "Kwangu mbwa anaoshwa na mvua." Mwingine akaongeza, "Mimi mwenyewe huu ni mwezi wa pili sijasuka nywele, na mbwa ndiye atapata mtu wa kumchana?" Lakini kicheko kilipoisha, tulimwomba kila mama mwenye mbwa anayeoshwa na mtu wa nje ainue mkono. Tulihesabu mikono saba. Tukauliza tena: kati yenu saba, nani alipatana bei na huyo mtu? Mikono miwili tu ilibaki juu.

Hapo tuliona kwamba mama wa Katuba aliuliza vizuri, na kwamba swali lake lina swali lingine chini yake. Sisi wenyewe tulilijua hilo swali la chini, sababu lilikuja kutugonga mlangoni mwaka uliopita. Tutawaeleza bila kuficha, hata pale tunapopata haya.

Kazi yenyewe ni kazi gani?

Hapa Lubumbashi mbwa wengi si wa kubebwa mikononi. Ni wa ulinzi. Mchana anafungwa, usiku anafunguliwa azunguke lupango, na familia inalala kwa amani kidogo. Wengine wana zamu na mbwa pamoja; wengine, kama sisi, zamu ni mbwa.

Mbwa wa namna hiyo akikaa bila kuoshwa anapata kupe na viroboto. Kupe wanajificha ndani ya masikio, chini ya mkia na katikati ya vidole, fasi ambazo mwenye mbwa hataki kuzigusa. Watoto wetu wanacheza palepale anapolala, na viroboto hawaulizi huyu ni mbwa ao ni mtoto.

Kijana anayekuja kuosha anaomba ndoo mbili ao tatu za maji. Anamfunga mbwa kinywa kama ni mkali, anamlowesha, anampaka sabuni, anasugua mpaka chini ya tumbo, anatoa kupe mmoja mmoja, anaangalia masikio, anakata kucha zilizokuwa ndefu, kisha anamsafisha kwa maji safi na kumkausha kwa kitambaa. Kwa mbwa mkubwa kazi hii inaweza kumaliza saa nzima. Anaondoka amelowa, ananuka mbwa, na muda wote huo mikono yake ilikuwa karibu na meno.

Basi tusiseme kwamba "amecheza na mbwa kidogo". Ni kazi, na ina hatari yake.

Yaliyotupata

Kijana wetu alikuwa na miaka 19. Mama yake anauza makala kando ya njia, avenue mbili kutoka kwetu. Alianza kuja kila juma la pili kuosha mbwa wetu Simba. Siku ya kwanza tulimwuliza, "Unaomba ngapi?" Akajibu kwa heshima, "Mama Mwalimu, ni kile mtakachonipa."

Jibu hilo lilitupendeza. Tulifikiri: huyu ni mtoto mwenye adabu, hana tamaa. Tangu siku hiyo hatukuuliza tena.

Mshahara ukiwa umeingia, tulimpa franka 2,000. Siku nyingine 1,000. Mfuko ukiwa mtupu, tulimpa sahani ya bukari na sombe, na siku moja shati la baba ya watoto lililokuwa limechakaa kwenye kola. Vyote hivyo tuliviita jina moja: matabishi. Naye alipokea kwa mikono miwili na kusema asante.

Halafu ikaja siku ya posho moja ya wakati wa kiangazi. Simba alikuwa na kidonda ndani ya sikio. Tulijua. Siku mbili mbele alikuwa amemngurumia mtoto wetu wa pili alipomgusa sikio. Lakini asubuhi ile tulikuwa na madaftari ya wanafunzi ya kusahihisha, tukaonyesha ndoo ziko wapi, tukaingia ndani. Hatukumwambia kijana neno lolote juu ya sikio.

Tulisikia kelele, tukatoka mbio. Mbwa alikuwa amemuuma katikati ya kidole gumba na kiwiko cha mkono. Damu ilikuwa nyingi. Tulimwagia maji kidogo, tukafunga kitambaa, tukasema pole, tukachukua noti ya franka 5,000 na kumwekea mkononi. Tukamwambia aende kupumzika. Tutasema ukweli: tulijisikia vizuri. 5,000 ilikuwa zaidi ya yote tuliyompa mbele.

Jioni mama yake akaja. Hakupiga kelele. Alikaa, akakataa chai, akaweka ile noti juu ya meza.

"Mama Mwalimu," akasema, "nimekuja kuuliza tu, ninyi ndio mmesoma. Hii pesa ni ya kazi, ni ya matabishi, ao ni ya kidonda?"

Tulinyamaza.

"Kama ni ya kazi, basi kidonda bado. Kama ni ya kidonda, basi mtoto wangu ameosha mbwa bure. Na kama ni matabishi, mnamshukuru kwa nini? Kwa kuumwa?"

Tumefundisha kalasi ya watoto zaidi ya 50, tumesimama mbele ya wakaguzi, lakini hatujawahi kukosa jibu namna ile. Kisha akauliza la pili, na sauti yake ikashuka: "Na huyo mbwa, alichanjwa?"

Tulitafuta kadi ya chanjo chini ya makaratasi yote ya nyumba. Tuliipata. Muda wake ulikuwa umepita miezi saba.

Usiku ule hatukulala. Asubuhi ya siku ya Mungu tulimpeleka kijana kutafuta chanjo. Kituo cha kwanza hawakuwa nayo; kwenye cha pili tuliipata. Muuguzi alituuliza kama tulikuwa tumeosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa robo saa. Hatukuwa tumefika hata dakika mbili, na sabuni ilikuwa palepale ndani ya ndoo. Alirudi kuchomwa sindano nyingine katika majuma yaliyofuata. Pesa ya chanjo na ya usafiri tuliitoa kwenye likelemba, ile tuliyoweka kwa ajili ya nguo za masomo za mtoto wetu.

Simba tulimfunga, tukamwangalia siku 10. Kila asubuhi, mbele ya kwenda kufundisha, tulimletea chakula na kusimama mbali kuona kama anakula. Siku ya kumi alikula kama kawaida. Kijana alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini deni la kazi lilikuwa bado.

Hesabu tuliyoiogopa

Tuliketi watatu: sisi, kijana na mama yake. Tulichukua daftari. Kwa miezi sita kijana aliosha mbwa mara 12. Tulijaribu kukumbuka kila mara tulitoa nini:

Mara 5 tulimpa franka 2,000: jumla 10,000.
Mara 3 tulimpa franka 1,000: jumla 3,000.
Mara 4 tulimpa chakula ao nguo.

Yote pamoja ni franka 13,000 kwa kazi 12. Tulimwuliza kwenye malupango mengine anaomba ngapi kwa mbwa mkubwa. Akainamisha kichwa, akasema 5,000. Kazi 12 ni 60,000. Tulimwacha na upungufu wa 47,000, na kila mara alituambia asante.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi tunaongeza: na deni bila daftari haliishi, linajificha ndani ya mwenzako. Tulimlipa kwa sehemu mbili, mwisho wa miezi miwili iliyofuata. Alirudi kazini, naye sasa anasema bei yake bila kuinamisha kichwa.

Neno "matabishi" linatoka wapi?

Sisi Wakongomani tunalitumia neno hili kila siku bila kujua baba yake. Linatoka katika Kireno, mata-bicho, maana yake "ua mdudu". Ilikuwa ni kile kinywaji kidogo mtu anachokunywa asubuhi tumbo likiwa tupu, ati kuua mdudu wa njaa. Mpaka leo, kwa jirani zetu wa Angola, neno hilo ni chakula cha asubuhi. Kwetu limegeuka kuwa pesa ndogo ya kumfurahisha mtu aliyekutumikia.

Tuangalie vizuri maana ile ya kwanza. Kinywaji cha asubuhi kinanyamazisha njaa kwa kitambo, lakini hakuna mama anayefikiri kwamba watoto wake wamekula siku nzima kwa sababu walikunywa chai saa kumi na mbili. Matabishi ni hivyo hivyo. Yanakuja juu ya malipo; hayakai fasi ya malipo.

Tena neno hili limebeba mzigo mwingine. Kuna matabishi ya shukrani, na kuna yale yanayoombwa ofisini ili karatasi yako isogee, ambayo kwa Lingala wanayaita madesu ya bana, maharagwe ya watoto. Yale ya kwanza yanatolewa nyuma ya kazi, na mtu anaweza kuyaacha bila kuogopa kitu. Yale ya pili yanadaiwa mbele ya kazi, na usipotoa unaumia. Tusiwafundishe watoto wetu kwamba ni kitu kimoja.

Kwa nini jambo hili linatuchoma sisi walimu

Mama mmoja alituuliza kwa nini tunalibeba jambo la mbwa kwa uzito huu. Ni kwa sababu sisi walimu tuliishi miaka mingi kwa mkono wa mzazi.

Ninyi mliokuwa wazazi kuanzia miaka ya 1990 mnakumbuka "motivation". Mshahara wa serikali haukutosha ao haukufika, basi wazazi wakachanga ili mwalimu aendelee kuingia kalasini. Wazazi waliokoa masomo ya nchi hii, hatutasahau. Lakini mwalimu anayengoja pesa kutoka kwa baba ya mwanafunzi, atamwambiaje baba huyo kwamba mtoto wake ameanguka? Na mtoto ambaye wazazi wake hawakupata, alirudishwa nyumbani, naye hakuwa na kosa.

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika masomo ya serikali. Utekelezaji wake ulianza kwa nguvu mwaka wa masomo 2019-2020. Shida hazijaisha, walimu wenzetu wanazijua. Lakini tulijifunza kitu kimoja ambacho hakuna kitabu kilitufundisha: mtu ambaye mkate wake wote unategemea moyo wa mwingine hawezi kusema ukweli mbele yake. Anacheka akikasirika. Anasema "ni kile mtakachonipa".

Na sisi tulioonja uchungu huo tulimpa kijana wa watu kikombe kilekile. Hii ndiyo haya tuliyoitaja pale mwanzo.

Basi tumpe ngapi?

Sasa tujibu swali la mama wa Katuba. Haya ndiyo tuliyokubaliana katika kikundi chetu, kila mmoja ayapime kwa mfuko wake.

Kwanza, patana bei mbele ya kumwaga maji. Akisema "ni kile mtakachonipa", usikubali. Mwambie, "Hapana, mwanangu, kazi ni yako, sema bei yako." Mpatane pia sabuni na dawa ya kupe ni ya nani, na kama kucha zimo ndani ya bei. Dakika tano zinatosha.

Pili, matabishi yawe kati ya sehemu moja na sehemu mbili kwa kumi. Kama bei ni 5,000, matabishi ni 500 mpaka 1,000. Kama bei ni 9,000 na una noti ya 10,000, inaweza kuwa vizuri kusema, "Baki na chenji." Si lazima kila mara. Bei tu ndiyo ya lazima.

Ndugu zetu walio Marekani wanatuambia kwamba kule anayeosha na kunyoa mbwa anapewa sehemu 15 mpaka 20 kwa mia, na asiyetoa anaangaliwa vibaya. Tusiige bila kujua sababu. Sheria ya taifa ile inamruhusu mwajiri kumlipa mfanyakazi anayezoea kupewa matabishi dola 2.13 tu kwa saa, tangu 1991, na matabishi ya wateja yajaze kinachobaki mpaka kiwango cha chini cha dola 7.25. Majimbo mengi yameweka zaidi, lakini mzizi ni ule: mteja anabeba mzigo wa mwajiri. Kwetu sisi, kijana anapokuja lupangoni, hakuna mwajiri mwingine. Ni sisi. Kwa hiyo heri bei nzuri na matabishi madogo kuliko bei mbovu na matabishi makubwa ya siku moja moja.

Tatu, ongeza pale kazi ilipozidi mapatano. Mbwa alikuwa na kupe wengi kuliko kawaida, alikuwa mkali, kijana alibeba maji mwenyewe kutoka mbali kwa sababu bomba lilikauka, aliona kidonda ambacho wewe hukukiona akakuambia. Noeli na Bonane pia ni nyakati nzuri za kuongeza.

Nne, uliza mwenye mkono ni nani. Mwingine anafanya kazi yake mwenyewe, bei yote ni yake. Mwingine anatumwa na bosi wake, na katika ile 5,000 yeye anapata kidogo. Huyo wa pili ndiye anayehitaji matabishi zaidi, na yaingie mkononi mwake, si kwa bosi.

Tano, tenganisha pesa kwa mkono na kwa kinywa. Sema, "Hii ni ya kazi. Hii ni matabishi yako." Mpe mkononi, usimtupie, usiache juu ya ukuta karibu na mbwa, usimtume mtoto kwa haraka. Fanya hivyo watoto wakiona. Hilo ni somo la uraia bila ubao na bila chaki.

Sita, chakula ni chakula. Sahani ya bukari ni kitu kizuri sana, na mtu aliyefanya kazi kwako asiondoke na njaa. Kutoa ni moyo, si utajiri. Lakini mama yake hawezi kulipa nyumba kwa sahani. Ukikosa pesa juma hili, ahirisha kuosha mbwa. Mbwa atangoja.

Saba, kazi ikiwa mbovu, sema wazi. Usiongeze, lakini lipa mliyopatana, na mwambie pale alipokosea. Kumkata bei kimyakimya hakumfundishi kitu.

Sheria hizi zinafaa pia kwa anayekusuka nywele, kwa motari, kwa kijana anayekubebea gunia sokoni. Tulianza na mbwa kwa sababu mbwa ana kitu ambacho wengine hawana: meno.

Kile ambacho matabishi hayawezi kulipa

Wamama, hapa tunaomba msome polepole.

Kichaa cha mbwa kinaua. Dalili zikiisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Ulimwenguni linakadiria kwamba watu 59,000 hivi wanakufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, wengi kabisa katika Afrika na Asia. Kati ya watu 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, karibu 4 ni watoto walio chini ya miaka 15. Hata hivyo ni ugonjwa unaozuilika: chanjo ya mtu aliyeumwa inajulikana tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto wa miaka 9 huko Paris mwaka wa 1885.

Kwa hiyo mwenye mbwa ana madeni matatu kwa yule anayemwosha, na hakuna noti inayoyafuta:

Chanja mbwa wako, na urudie kila mwaka kama kadi inavyoagiza. Weka kadi fasi unayoijua. Kwa sisi wa Lubumbashi, chuo kikuu chetu kina kitivo cha udaktari wa mifugo. Wanaofundishwa kazi hii wako karibu, tuwaulize.

Sema ukweli juu ya mbwa wako. Ana kidonda wapi? Hapendi kuguswa wapi? Amewahi kuuma? Neno moja la sikio la Simba lingezuia yote tuliyowaeleza hapa.

Akiumwa, osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, angalia saa. Usikikaze kwa kitambaa ndani ya uchafu, usipake makala wala mafuta. Mpeleke kwa muuguzi siku ileile, na gharama ni yako wewe mwenye mbwa. Mfunge mbwa aangaliwe siku 10, wala usimuue kwa hasira ao kwa hofu, kwa maana akiwa hai na mzima siku hizo 10 anatoa jibu kubwa. Lakini mtu aliyeumwa asingoje siku 10 ndipo aanze chanjo.

Na kamwe tusimtume mtoto mdogo kuosha mbwa ili tuokoe bei. Mtoto uso wake uko sawa na kinywa cha mbwa.

Ya kuzungumza katika kikundi

Mkutano ujao, kila mama alete majibu ya maswali haya matatu. Nani anafanya kazi kwako bila bei mliyopatana? Kwa miezi sita iliyopita umempa ngapi, ukihesabu kwa daftari? Na kadi ya chanjo ya mbwa wako inaishia mwezi gani?

Sisi tutaleta yetu. Simba alichanjwa tena, na kadi sasa imebandikwa nyuma ya mlango wa jikoni. Siku ya posho iliyopita, tulipotoka mkutanoni, tulimkuta kijana amemaliza. Tulimpa 5,000 ya kazi, kisha 1,000 ya matabishi kwa sababu alibeba maji. Aliziangalia noti mbili, akaweka moja katika mfuko wa kulia na nyingine wa kushoto. Akasema, "Hii ya mama. Hii yangu."